Kati ya ‘kufadhiliwa’ na ‘kushirikiana’: Makanisa yetu na wamishenari wa ng’ambo

MIAKA kadhaa iliyopita niliombwa kuwa mkalimani katika kanisa moja la mashambani. Wageni kutoka Marekani walikuwa wamefika kutia saini mkataba na kanisa hilo. Kiongozi wao alisema kwa Kiingereza kwamba wamekuja kama washirika, wala si kama watu wa kutoa tu. Kabla sijafungua kinywa, mchungaji akanitangulia: “Wafadhili wetu wanasema wamefurahi kufika!” Makofi na vigelegele vikafuata.

Mama mmoja mkongwe aliyeketi nyuma akainua mkono. “Mwanangu, hebu niulizie. Nani aliwaambia tunataka bweni? Sisi tuliomba tangi la maji.” Mchungaji alinikonyeza nisifasiri. Nakiri kwamba sikufasiri. Bweni likajengwa.

Kimya changu cha siku ile kimenisumbua hadi leo, na ndicho kilichonifanya niyatazame upya maneno mawili tunayoyachanganya kila Jumapili: ufadhili na ushirikiano.

Neno ‘fadhili’ lina asili ya Kiarabu. Ndugu yake ni ‘fadhila’, yaani wema au hisani. Mfadhili ni mtenda wema, na hakuna ubaya wowote katika kutenda wema. Hata hivyo, tazama jinsi kitenzi hiki kinavyonyambuliwa katika mazungumzo yetu. Kanisa ‘hufadhiliwa’. Hiyo ni kauli ya kutendwa, yenye kiambishi -w-. Anayefadhiliwa hatendi lolote, hutendewa. Sarufi haikatai tuseme ‘kufadhiliana’, lakini ni nani amewahi kusikia kwamba kanisa la Kitui na kanisa la Texas yanafadhiliana? Sarufi imeruhusu, maisha ndiyo yaliyokataa.

‘Kushirikiana’ ni jambo jingine kabisa. Neno hili limebeba kiambishi -an- cha kauli ya kutendana. Mtu mmoja hawezi kushirikiana peke yake, sawa na jinsi hawezi kupigana au kusalimiana peke yake. Kwa mantiki hii, mkataba ambao upande mmoja unatoa na mwingine unapokea na kushukuru si ushirikiano, hata ukipewa jina hilo kwa herufi kubwa.

Je, uhusiano wa kutendana umewahi kuwepo kati ya wamishenari na wenyeji? Umewahi, na lugha ya Kiswahili ni shahidi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo mkewe na mtoto wao mchanga walifariki. Katika majonzi hayo Krapf aliendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri Kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia alikuwa Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Hebu fikiria hilo, mpenzi msomaji: kadhi wa Kiislamu akimwelekeza mmishenari wa Kikristo. Katika chumba hicho mgeni alikuwa mwanafunzi na mwenyeji alikuwa mwalimu.

Hata hivyo, tusiipake historia rangi. Kamusi ya Kiswahili iliyotokana na kazi ya Krapf ilipochapishwa mwaka 1882, jina la jaladani lilikuwa lake. Walimu wake wengi hawajulikani na umma hadi leo. Kazi ilifanywa kwa -an-, sifa zikagawanywa kwa -w-.

Yamkini kilichokosekana ni kiambishi cha tatu: ji-. Katibu wa CMS wa wakati huo, Henry Venn, alishikilia kwamba lengo la umishenari ni kulizaa kanisa linalojitawala, linalojitegemea na linalojieneza. Ukiyatia mawazo hayo matatu katika Kiswahili, yote yanabeba kirejeshi ji-. Mmishenari, kwa maoni ya Venn, alipaswa kufanya kazi akijua kwamba siku moja ataondoka. Lakini utekelezaji uliburura miguu kwa miongo mingi.

Ndipo mwaka 1971 Kasisi John Gatu, Katibu Mkuu wa Kanisa la PCEA, aliposimama mjini Milwaukee, Marekani, na kupendekeza jambo lililowashtua wengi: wamishenari na fedha za kigeni visitishwe kwa muda usiopungua miaka 5. Mwaka 1974 Muungano wa Makanisa ya Afrika (AACC) uliunga mkono wazo hilo katika mkutano wake wa Lusaka. Wapo waliomwona Gatu kama mtu mwenye chuki. Hawakumwelewa. Hakuwa akivunja undugu wa makanisa. Alitaka makanisa ya Afrika yapate nafasi ya kujitambua, ndipo yakutane na wenzao macho kwa macho. Si ajabu kwamba ‘Jitegemea’ likawa neno kuu katika kanisa lake.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Safari ya kutoka -w- hadi -an- hupitia ji-. Asiyejitegemea hata kwa kiasi kidogo hawezi kushirikiana. Atafadhiliwa tu, na mfadhiliwa huogopa kusema kwamba alitaka tangi la maji.

Kujitegemea si lazima kuwe na fedha nyingi. Kanisa lenye ardhi, mafundi, vijana wenye nguvu, wazee wanaoijua historia ya mahali na akina mama wanaojua maji yanapatikana wapi, lina mtaji. Liuandike mtaji huo katika mkataba kando ya dola za mgeni, ili ionekane wazi kila upande umeleta nini.

Pili, mkataba uandikwe kwa lugha ambayo waumini wanaielewa, usomwe mbele yao kabla ya kutiwa saini, na maswali yao yafasiriwe yote. Tatu, hesabu zionwe na pande zote mbili. Nne, muda wa mradi utajwe, na nani ataurithi.

Tano, mmishenari anayekuja kukaa ajifunze lugha. Edward Steere wa Zanzibar alijifunza Kiswahili kiasi cha kuchapisha mwongozo wa lugha hii na mkusanyiko wa hadithi za wenyeji, vyote mwaka 1870. Wa leo wana vitabu, simu na walimu tele. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la kwanza la mmishenari ni lugha ya anaowahudumia.

Nasi wakalimani tuna letu. Mkalimani si mpambe wa mchungaji wala wa mgeni. Akimeza swali moja la mwenyeji, amekigeuza kikao cha kutendana kuwa cha kutendwa. Mimi nililimeza. Lile bweni lipo, na kina mama wa kanisa lile bado hubeba mitungi kila asubuhi. Nikialikwa tena, swali la yule mama ndilo nitakalolifasiri kwanza.