Pumzi na Tafakuri Katika Huduma kwa Wenye Mahangaiko

Mchungaji anayewatembelea washarika wake hukutana mara nyingi na mtu asiyepata usingizi, ambaye moyo wake huenda mbio pasipo sababu iliyo wazi, na ambaye amekwisha kuambiwa na ndugu zake kwamba hofu yake ni dalili ya upungufu wa imani. Wapo pia watumishi wenyewe walio katika hali hiyo, nao huificha. Makala hii yakusudia kueleza jinsi zoezi la kupumua pamoja na tafakuri linavyoweza kuwasaidia watu hao, na mahali linapostahili kuwekwa katika mafundisho yetu.

Mwili wenye hofu

Mungu ameuumba mwili wa mwanadamu uweze kujilinda. Hatari inapotokea, neva huuamsha mwili wote: adrenalini huingia katika damu, moyo huongeza mapigo, misuli hukaza, na pumzi huwa fupi na za haraka. Kwa mtu aliyekutana na nyoka njiani, hali hiyo ni msaada. Lakini deni la ada au ugonjwa wa mtoto huweza kuuamsha mwili vivyo hivyo, na deni haliondoki kwa kukimbiwa. Tena, anayeendelea kupumua mbio hupunguza mno kaboni dioksidi iliyomo katika damu, akapata kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo. Dalili hizo humtisha zaidi, naye huzidi kupumua mbio.

Kupumua ni kazi ya mwili yenye upekee. Huendelea tukiwa usingizini, na hata hivyo twaweza kukuongoza kwa hiari. Hatuwezi kuuamuru moyo upunguze mapigo. Lakini moyo huenda upesi kidogo tunapovuta pumzi, na polepole tunapoitoa. Basi, mtu akirefusha pumzi itokayo, huufikia moyo kwa njia ya mapafu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika; katika zoezi hili hushuka hadi mara 6 hivi.

Zoezi lenyewe

Keti wima, nyayo zikiwa sakafuni, na mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi puani kwa utulivu ukihesabu hadi 4, tumbo likiinuka. Kisha itoe ukihesabu hadi 6. Usijilazimishe kujaza kifua. Endelea kwa dakika 5. Baada ya siku chache, mahali pa hesabu weka maneno machache ya Kyrie ya ibada yetu au ya zaburi, nusu wakati wa kuvuta na nusu wakati wa kutoa. Mawazo yakitangatanga, usishindane nayo. Yarudie maneno yako. Zoezi hili hufaa zaidi likizoewa kila siku kabla ya taabu kuja.

Je, ni ibada ya kigeni?

Wengine huogopa kwamba kwa njia hii dini nyingine huingizwa kanisani. Swali hilo ni la haki. Mwaka 1975 daktari Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha kitabu juu ya utulivu huu wa mwili. Alikuwa amewapima watu waliofuata tafakuri yenye asili ya Kihindi, akaeleza kwamba utulivu kama huo hupatikana pia kwa kurudia neno au sala ya dini nyingine. Lakini karibu miaka 1,500 kabla yake, Yohane Cassian aliandika mafundisho ya watawa wa jangwa la Misri, katika bara letu hili la Afrika. Kwao, Abba Isaka alifundisha kuushika mstari wa kwanza wa Zaburi ya 70 na kuurudia katika kila hali.

Luther naye, katika dibaji yake ya mwaka 1539, alitaja mambo matatu yamfanyayo mtu kuwa mwanatheolojia: sala, tafakuri na majaribu. Kwake, tafakuri haikuwa kuondoa kila wazo katika akili, bali kulisoma na kulitamka Neno tena na tena, kwa moyo na kwa kinywa. Kitenzi cha Kiebrania katika Zaburi 1:2 chakubaliana naye, kwani hicho hicho hutumika katika Isaya 31:4 kwa simba angurumaye juu ya mawindo yake. Pumzi huutuliza mwili. Lakini Neno latoka nje yetu, nalo ndilo lenye ahadi.

Utulivu si kipimo cha imani

Mnamo Julai 1527 Luther alipatwa na shambulio kali la mwili na roho hata akadhani anakufa, na Bugenhagen, mchungaji wake, akaitwa kumfariji. Kama utulivu ungekuwa kipimo cha imani, Luther mwenyewe angehesabiwa miongoni mwa wasioamini. Twahesabiwa haki kwa imani katika Kristo, wala si kwa mapigo ya moyo yaliyotulia. Kwa kuwa wokovu hautegemei zoezi hili, twaweza kulitumia kwa uhuru kama tutumiavyo dawa, na asiyefaulu hana sababu ya kujihukumu. Katika 1 Wafalme 19, Eliya aliyetaka kufa alipewa kwanza usingizi na chakula; sauti ya utulivu ilikuja baadaye.

Mipaka yake

Mwenye maumivu ya kifua au kukosa pumzi kusikoeleweka na apelekwe hospitali. Aliyeona vita au kutendewa ukatili huenda akaingiwa na hofu zaidi afumbapo macho. Huyo na ayaache wazi, au aache zoezi. Anayesema kwamba anataka kufa asiachwe peke yake, bali asindikizwe kwa tabibu. Wala zoezi hili haliondoi deni, njaa wala ugomvi wa nyumbani. Mambo hayo yadai msaada wa usharika.

Mwaka 1530 Luther alimwandikia Hieronymus Weller, aliyesumbuliwa na huzuni, akimshauri auepuke upweke. Kwa hiyo mchungaji asimpe mwenye hofu maelekezo na kuondoka. Na aketi naye, apumue pamoja naye polepole, na maneno ya zaburi yatamkwe na wote wawili.