Kalamu ya Ajabu na Hati ya Mkono

Wengi wetu twaijua hadithi ya taa ya Aladini, ambayo Mfaransa Antoine Galland aliitia katika Alfu Lela Ulela mwanzoni mwa karne ya 18. Mchawi wa Maghribi aipatapo taa ile kwa hila, jini hamwulizi yeye ni mtu wa namna gani. Hulinyanyua jumba zima, na binti mfalme ndani yake, akamfuata bwana wake mpya. Ndivyo vilivyo vyombo vingi vya ajabu katika ngano, kama pete, kofia na fimbo. Humtii yeyote avishikaye, awe mwema, awe mwovu. Kalamu haimo katika sheria hiyo. Katika hadithi za kalamu na wino, haitoshi kujua chombo ki mikononi mwa nani. Sharti tuulize ni mkono wa nani uandikao, na kwa ridhaa ya nani. Jambo hili lamhusu mwalimu, kwa maana mtoto huja shuleni akiwa na fikira zake juu ya nguvu ya maandishi kabla hajafundishwa herufi hata moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote watoka Uchina. Ni hadithi ya Ma Liang, ambayo Hong Xuntao aliitoa mwaka 1955. Ma Liang ni mtoto maskini apendaye kuchora, wala hana brashi. Huchora kwa kijiti mchangani. (Wachina tangu zamani waliandika na kuchora kwa brashi ile ile, hata brashi yao ndiyo kalamu yao.) Usiku mmoja mzee mwenye ndevu nyeupe amjia ndotoni na kumpa brashi, na kila akichoracho chapata uhai. Basi asiye na plau humchorea plau, asiye na taa humchorea taa. Tajiri wa mahali pale amfunga. Yeye achora ngazi na kutoroka, aenda mji wa mbali, auza picha ili apate chakula. Kusudi asijulikane, huacha kila picha na upungufu, ndege huyu hana mdomo, mnyama yule hana mguu. Siku moja amchora korongo asiye na macho. Tone la wino laanguka pale palipokuwa pa jicho, na korongo afumbua jicho na kuruka. Kwa tone hilo habari zake zafika kwa mfalme.

Mfalme ampokonya brashi na kuchora mwenyewe. Achora mlima wa dhahabu, nao wageuka majabali. Achora tofali la dhahabu, lageuka chatu mkubwa. Hatimaye amrudia kijana kwa maneno matamu, naye Ma Liang akubali: achora bahari, achora jahazi, mfalme na watu wake wapanda, achora upepo, kisha achora upepo zaidi. Mfalme apiga kelele kwamba upepo watosha, lakini mchoraji hakomi mpaka jahazi lazama. Brashi ni ile ile. Mkono ndio uliobadilika.

Shetani wa ngano za Ulaya ni mwerevu kuliko mfalme huyo. Yeye haipokonyi kalamu, bali amkabidhi mtu na kumngoja aandike. Hadithi ya kale sana ya namna hii ni ya Theofilo, mtunza mali ya kanisa la Adana katika Kilikia. Yasemwa kwamba alichaguliwa kuwa askofu, akakataa kwa unyenyekevu. Askofu aliyewekwa badala yake akamwondoa kazini. Kwa uchungu Theofilo akamwendea mchawi, na kwa njia yake akampa Shetani hati ya kumkana Kristo na Mama yake. Baadaye akajuta, akafunga na kuomba, hata hati ikarudishwa, nayo ikateketezwa. Hadithi hii ilisimuliwa kwa Kiyunani, ikafasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 9, tena imechongwa juu ya mlango wa upande wa kaskazini wa kanisa la Notre-Dame huko Paris. Msomaji na aangalie jambo moja: majuto peke yake hayakumtuliza Theofilo. Alitaka karatasi irudi.

Katika habari za Daktari Faust, zilizochapwa Frankfurt mwaka 1587, wino ni damu yake mwenyewe. Mwingereza Christopher Marlowe alipozifanya mchezo wa kuigizwa, aliongeza jambo la kutisha: Faust aandika, na damu yaganda katikati ya kazi, kana kwamba wino wakataa kutumwa. Mjumbe wa Shetani aenda kuleta makaa ya moto kuiyeyusha. Kisha maneno yatokea juu ya mkono wa Faust, yakimwonya akimbie. Yeye ayasoma, ayaelewa, wala hakimbii.

Kwa nini adui mwenye nguvu nyingi namna hiyo ahitaji mwandiko wa mtu dhaifu? Jibu li katika sheria za madeni. Kiyunani kina neno keirografon, yaani mwandiko wa mkono, nalo lilikuwa jina la hati ambayo mdeni aliiandika kwa mkono wake kukiri deni. Neno hilo ndilo lililomo katika Wakolosai 2:14, pasemwapo kwamba hati ya kutushitaki imefutwa. Kiswahili chetu kimejaliwa neno lenye sura mbili vivyo hivyo. Hati, kutoka Kiarabu, ni mwandiko wenyewe, hata twasema fulani ana hati nzuri. Tena ni karatasi ya mapatano, ya shamba au ya deni. Sahihi nayo ni jambo lililo kweli, tena ni jina ambalo mtu hulitia chini ya karatasi. Kalamu imetufikia kwa Kiarabu, nacho chalingana na kalamos ya Kiyunani, yaani tete. Lakini kuandika ni neno letu la asili, na maana yake ya kwanza ni kupanga vitu mahali pake, kama vile kuandika meza. Mwalimu afundishaye mstari ule wa Wakolosai asione haya kuanza na hati ya deni. Mzee aliyewahi kutiwa kidole wino na kukibandika juu ya karatasi asiyoweza kuisoma, pengine ataufahamu upesi kuliko mwalimu mwenyewe.

Lililoandikwa laweza pia kuoshwa, na hapa hadithi zakutana na desturi za pwani. Mwalimu wa chuoni huandika aya kwa zafarani na maji ya mawaridi juu ya sahani nyeupe, kisha huziosha kwa maji, na mgonjwa hunywa. Ndilo kombe, liitwalo kwa jina la chombo chake. Baadhi ya watu wetu hupenda kuwacheka wanywao kombe. Sioni haki yao ya kucheka, maadamu Hesabu 5 imo katika Biblia yao: kuhani aandika laana katika kitabu, azifutia katika maji ya uchungu, na mwanamke ashukiwaye ayanywa. Tofauti ipo, tena kubwa. Maji yale ya Hesabu hayatafuti afya, bali hutenga kweli na uongo. Wamisri wa kale nao, katika hadithi ya Setne iliyohifadhiwa juu ya mafunjo, wasimulia juu ya Naneferkaptah aliyekinakili kitabu cha mungu Thoth, akaliloweka karatasi katika pombe, akaliyeyusha katika maji, akanywa, akajua yote yaliyomo. Maarifa aliyapata kweli. Lakini hakuna aliyemruhusu kukitwaa kitabu, na kwa ajili ya wizi ule mwanawe, mkewe na yeye mwenyewe walikufa maji.

Yabaki hadithi moja isiyofanana na hizi, ya Martin Luther katika ngome ya Wartburg, alikofichwa tangu Mei 1521 hata Machi 1522. Yasimuliwa kwamba Shetani alimsumbua usiku, naye akamtupia kidau cha wino. Luther mwenyewe hakuyaandika haya. Hapa wino hauandiki neno. Wavurumishwa kama jiwe, na yeyote mwenye nguvu za mkono angeweza kuutupa. Chumbani mle Luther alifasiri Agano Jipya kwa muda wa majuma kumi na moja hivi, likachapwa Septemba 1522. Lakini wageni walitaka zaidi kuonyeshwa doa ukutani. Kwa hiyo doa lilipakwa upya, kizazi baada ya kizazi, na leo halionekani tena.