Kunguni Mbulu na Hanang: umlipe fundi au uchemshe maji?

Mtu akiingia duka la pembejeo Katesh, Haydom au Dongobesh kutafuta dawa ya kunguni, huuliza kwanza ipi ni kali, kisha bei gani. Maswali hayo mawili ndiyo yanayokula fedha za watu. Ukali wa dawa ni sehemu ndogo ya kinachomaliza kunguni. Sehemu kubwa ni kazi: kukifungua kitanda chote, kuifikisha dawa ndani ya nyufa, na kurudia baada ya wiki mbili hivi. Ukitaka kulinganisha gharama, usipime chupa kwa chupa. Pima kazi kwa kazi.

Pindua kitanda cha mbao mchana uangalie pale chaga zinapopigiliwa misumari. Utaona madoa meusi kama ya wino, magamba makavu ya rangi ya kahawia, na vipunje vyeupe vya karibu milimita 1 vilivyogandishwa ndani ya ufa. Hayo ndiyo mayai. Dawa nyingi za kupuliza humuua kunguni anayezikanyaga, lakini mayai mengi hubaki mazima. Penye joto huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10. Kwenye baridi ya nyanda za juu za Mbulu huchelewa zaidi. Kwa hiyo fundi anayepuliza mara moja akaondoka amekuuzia nusu ya kazi, hata kama dawa yake ni nzuri. Awamu ya pili hufaa siku ya 10 hadi ya 14, na katika miezi ya baridi, Juni na Julai, si vibaya kuisogeza hadi wiki ya tatu. Muda bado unakuwepo, kwa sababu mtoto wa kunguni lazima ajivue ngozi mara 5, kila mara baada ya kunywa damu, ndipo naye aanze kutaga.

Kuna vitu viwili naomba viondolewe kabisa kwenye orodha, hata kama vimo ndani ya nyumba tayari na havigharimu kitu. Cha kwanza ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Imepimwa kwa ajili ya ngozi ya mnyama anayelala penye hewa, si kwa godoro ambalo mtoto analigusisha uso usiku kucha. Cha pili, na hiki kinaua, ni vidonge vya kuhifadhia mahindi. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na mtu akishaivuta hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Ukuta wa miti na udongo hauizuii gesi. Unaweza kuviweka chumba chako, akafa aliyelala chumba cha pili. Unga usio na lebo unaouzwa mnadani kwenye mfuko wa nailoni nao usiuguse: hujui ni nini, na hata daktari hatajua akuokoeje.

Tuje kwenye maji ya moto. Kunguni na mayai yake hufa haraka joto likipita nyuzi 50 za Selsiasi. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo hata huko juu joto linabaki la kutosha kabisa. Beba kitanda nje, kifungue, mimina maji yanayochemka taratibu kwenye kila kiungo na kila tundu la msumari. Mashuka, nguo na mablanketi yaloweke kwenye maji ya moto. Uzuri wake ni kwamba hakuna kunguni anayeizoea njia hii. Lakini tusiseme ni ya bure. Kuni zina bei, na kwa kaya ya Hanang inayochota maji mbali wakati wa kiangazi, madumu ya kuunguzia vitanda vitatu ni jasho la siku nzima, mara nyingi la mama na mabinti. Halafu maji hayamwagwi kwenye ukuta wa udongo, na godoro la sponji ukililowesha halitakauka kwa siku kadhaa za baridi. Kulianika juani pekee hakutoshi, maana kunguni huhamia upande wenye kivuli.

Ukuta ndio unaoamua kama unahitaji fundi. Kunguni wakiwa kitandani tu, maji ya moto na kuziba nyufa kwa udongo laini vinaweza kukutosha. Wakishaingia ukutani, kwenye fremu za milango na darini, au ukiwa na nyumba ya wageni au bweni, fundi ana thamani ya fedha yake. Mweleze mapema ukuta ni wa namna gani. Dawa ya maji yenye mafuta ikipulizwa kwenye udongo mkavu hunyonywa ndani, kunguni akipita juu haigusi. Dawa ya unga unaochanganywa na maji huacha chembe juu ya ukuta na hudumu zaidi. Fundi asiyejua tofauti hiyo, mtafute mwingine.

Kwenye hesabu, safari ndiyo inayouma. Chukua namba za mfano tu, kisha weka zako: fundi anatoka Babati, safari moja Sh 40,000, chumba Sh 15,000 kwa kila awamu. Nyumba ya vyumba viwili, awamu mbili, inakuwa Sh 140,000. Kaya nne jirani zikimwita pamoja, kila moja inalipa Sh 20,000 za safari na Sh 60,000 za vyumba: jumla Sh 80,000. Sasa mchukue anayenunua chupa ya Sh 5,000 kila mwezi. Mwaka ukiisha ametumia Sh 60,000 na bado anajikuna. Kuitana majirani kuna faida nyingine pia, kwani kunguni aliyebaki nyumba ya pili hurudi kwako na begi au godoro la kuazima.

Kabla hujatoa fedha, omba kuiona chupa yenyewe. Viuatilifu nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na yenye makao Arusha. Lebo iwe na namba ya usajili na iseme dawa inaruhusiwa ndani ya nyumba. Kisha soma jina la kiambata. Likiishia na "thrin", iwe saipamethrini, deltamethrini au permethrini, hiyo ni familia ileile inayotiwa kwenye vyandarua. Utafiti wa vijiji vya Tanga uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kunguni waliokuwa wamezoea permethrini na alfasaipamethrini baada ya vyandarua vyenye dawa kutumika kwa miaka. Kama umeshapuliza dawa ya familia hiyo kwa maelekezo sahihi, mara mbili, na kunguni wanatembea, kubadili rangi ya chupa hakusaidii, wala kuzidisha kipimo. Mwulize fundi ana dawa gani ya familia nyingine iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani.

Mkubaliane pia watu, kuku na chakula vitoke nje kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, na mizinga ya nyuki isiwe karibu, maana dawa hizi huua nyuki. Malipo yagawe: nusu awamu ya kwanza, nusu akimaliza ya pili. Akikataa masharti hayo, hakukusudia kurudi.

Uamuzi wangu ni huu. Mwenye kitanda kimoja au viwili, na ukuta uliopigwa lipu, achemshe maji, azibe nyufa, arudie baada ya wiki mbili, asimlipe mtu. Mwenye nyumba ya udongo iliyojaa aanze kwa kuzungumza na majirani watatu kabla ya kumpigia fundi simu. Na vidonge vya mahindi, tafadhali, viacheni ghalani.