Hita ya maji inaungua mapema? Angalia chokaa kabla ya kumlaumu fundi

Baridi ya Juni na Julai ikianza, maji ya moto ya kuoga si anasa tena. Huko juu Usangi na Ugweno ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi, na hata huku tambarare ya Mwanga na Same mtoto wa shule hataki kuguswa na maji ya baridi alfajiri. Ndiyo maana nyumba nyingi, pamoja na nyumba za wageni kando ya barabara kuu, zinafunga hita ya umeme au ya jua.

Mradi mkubwa wa maji wa Same-Mwanga-Korogwe, unaochota maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2025. Bomba likishaingia ndani, hita haiko mbali. Lakini hita ina adui anayekaa ndani ya maji yenyewe, na asiposhughulikiwa anaweza kukugharimu pesa, na wakati mwingine hata uhai.

Ile "chumvi" ni nini hasa?

Wengi tunasema "maji ya chumvi" tukiona birika limeota ukoko mweupe ndani. Mara nyingi si chumvi ya mezani bali ni chokaa. Mvua inaponyesha, maji yanapita kwenye udongo na mawe na kuyeyusha madini ya kalisi na magnesi. Maji yenye madini hayo mengi huitwa maji magumu. Katika eneo letu mawe ya namna hiyo yapo, na kule Makanya, wilayani Same, watu wanachimba jasi, ambayo nayo ina kalisi.

Kuyanywa si tatizo: Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Tatizo linaanza unapoyapasha moto. Chokaa iliyoyeyuka kwenye maji ya baridi hujitenga maji yakichemka, ikaganda kwenye chombo. Kadiri moto unavyozidi ndivyo inavyoganda kwa kasi. Kwa hiyo sehemu inayoumia kwanza ni ile yenye moto kuliko zote, yaani koili.

Pima maji yako nyumbani

Chukua chupa mbili safi zenye ujazo sawa. Moja tia maji ya bomba au ya kisima chako, nyingine maji ya mvua uliyokinga. Jaza nusu tu. Katika kila chupa weka vipande vidogo vya sabuni ya mche, kiasi kilekile, kisha tikisa kwa nguvu. Maji ya mvua yatatoa povu jingi. Yale mengine yakitoa povu kidogo na kubaki na utando mweupe kama maziwa, ni magumu. Usitumie sabuni ya unga, kwa sababu nyingi zimetengenezwa zitoe povu hata kwenye maji magumu.

Kwa nini koili inaungua

Koili hutegemea maji yaipoze. Ikivikwa ukoko, joto halitoki haraka, koili yenyewe inapata moto kupita kiasi, halafu inapasuka au kukatika. Unaona maji yanachelewa kupata moto, unasikia hita ikinguruma au kutoa milio ya kupasuka-pasuka, kisha siku moja inakataa kabisa. Kwa anayechemsha kwa gesi au mkaa hasara ni nyingine: ukoko uliopo chini ya birika unazuia joto, na linalobaki linapotelea hewani.

Punguza joto kwanza

Dawa ya kwanza haina gharama. Hita nyingi za tangi zina kidude cha kurekebisha joto. Liweke karibu nyuzi 60. Usishuke chini sana, maana maji ya vuguvugu yakikaa muda mrefu kwenye tangi huweza kuzalisha vijidudu. Usipandishe juu sana pia, kwa sababu chokaa itaongezeka na Luku itakwisha. Piga hesabu: kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji uniti zipatazo 2.3. Ukifikisha nyuzi 75 zinakuwa 3.2. Na kumbuka, maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache. Changanya na ya baridi kwanza, hasa kwa mtoto na mzee.

Kusafisha tangi, hatua kwa hatua

Fanya hivi kila baada ya miezi sita. Maji yako yakiwa magumu sana, fanya kila miezi mitatu.

1. Zima umeme kwenye swichi kubwa, si swichi ya ukutani pekee. Mwambie kila aliye nyumbani asiiwashe.
2. Subiri maji yapoe kabisa, ikiwezekana usiku mzima.
3. Funga koki ya maji ya baridi inayoingia kwenye hita.
4. Fungua bomba la maji ya moto bafuni ili hewa iingie, kisha fungua koki ya kutolea maji chini ya tangi. Weka ndoo au mpira wa kupeleka maji nje.
5. Maji yakiisha, fungua ya baridi kidogo yakoroge uchafu, uyatoe tena. Rudia hadi chenga nyeupe ziishe.
6. Funga koki ya chini, jaza tangi. Acha bomba la maji ya moto wazi hadi maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Hapo tu ndipo uwashe umeme.

Hatua ya sita ndiyo inayosahaulika. Koili ikiwaka bila maji inaungua kwa dakika chache.

Kufungua koili yenyewe ni kazi ya fundi umeme. Akiwa hapo, mwombe aangalie waya wa ethi, na pia fimbo ya magnesi kama hita yako ina moja. Fimbo hiyo huliwa na kutu badala ya tangi. Ikiwa imebaki nyembamba, ibadilishwe.

Valvu ya usalama: usiizibe

Maji yakipata moto hutanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka karibu robo tatu ya lita. Valvu ya usalama ndiyo inayotoa ziada hiyo, kwa hiyo matone machache wakati hita inapasha si ubovu. Kuna watu wakiona inadondoka wanaiziba kwa bolti au kipande cha mti. Hilo ni kosa kubwa. Chokaa pia inaweza kuigandisha. Kidude cha kudhibiti joto kikiharibika siku hiyo, presha haina pa kutokea na tangi linaweza kupasuka kwa kishindo. Kila baada ya miezi michache, simama pembeni na unyanyue kishikio chake kidogo. Maji yasipotoka, au yasipokatika ukikirudisha, zima hita na umwite fundi.

Birika na shawa

Birika la umeme: tia siki na maji nusu kwa nusu, au maji yenye juisi ya ndimu tatu au nne. Pasha, zima, acha saa moja. Utaona povu dogo, hiyo ni chokaa inayeyuka. Mwaga, suuza, kisha chemsha maji safi mara mbili na uyamwage. Ukoko usiotoa povu huenda una jasi, ambayo siki haiyeyushi. Ukwangue taratibu kwa kijiti, si kwa kisu.

Shawa ya umeme: zima swichi kubwa, fungua kichwa chenye matundu, kiloweke kwenye siki usiku kucha.

Onyo: usichanganye siki au ndimu na dawa ya klorini ya kufulia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Na kama una mabati na mfereji, kinga maji ya mvua kwa ajili ya birika na pasi ya mvuke. Hayajapita kwenye mwamba, kwa hiyo hayana chokaa.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, chungulia ndani ya birika lako. Ukikuta ukoko mweupe, ujue hita nayo ina wake, ila wenyewe hauuoni.