Je, Ni Haki Kutoza Faini Kubwa kwa Gari Lingurumalo Bure?

Katika mji wa New York, Marekani, gari lililosimama haliruhusiwi kuachwa injini yake ikinguruma zaidi ya dakika 3. Na kando ya shule, mwisho ni dakika 1. Lori au basi likishitakiwa na raia, faini yake huanzia dola 350. Wako wasemao kuwa hiyo ni adhabu kali mno kwa kosa dogo. Nasi twauliza: ni dogo kwa nani?

Moshi wa dizeli si harufu mbaya tu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuhesabu miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa wanadamu. Mtoto mdogo, ambaye kimo chake chakaribiana na bomba la moshi, na ambaye kwa kadiri ya uzito wake huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, hakulipanda gari hilo wala hakupata faida ya safari yake.

Uingereza imeshika njia ya upole. Kwa kanuni za mwaka 2002, dereva huambiwa kwanza azime injini. Akikataa ndipo hutozwa pauni 20. Upole huu wamfaa mtu mwenye gari lake aliyesahau tu. Lakini kwa kampuni yenye malori mia, pauni 20 ni nini?

Basi sisi twaona faini nzito ni haki, ila kwa sharti moja: imwangukie mwenye magari, wala isikatwe katika mshahara wa dereva, ambaye pengine amengojeshwa mlangoni pa ghala kwenye baridi kali, naye ana watoto wake pia.

Liko jambo moja la New York tusilolipenda. Sheria ya mwaka 2018 ilimpa raia aletaye ushahidi wa picha robo ya faini. Msomaji atakumbuka katazo la kupelelezana katika Sura ya Al-Hujurat. Lakini katazo hilo lasitiri aibu za watu, na moshi wa barabarani umekwisha kujitangaza wenyewe. Ubaya uko kwingine. Mpiga picha hana faida ya kumwambia dereva, "Ndugu yangu, zima injini," kwa kuwa akizima kabla ya dakika 3 hapana faini, wala hapana robo. Na wakati huo wote watoto wapita.