Ubao wa bei unaojiwasha wenyewe umeme ukirudi

Mkulima wa korosho anapofika na magunia yake kwenye ghala la AMCOS, jambo la kwanza analotaka kujua ni bei ya mnada uliopita. Mara nyingi jibu analo karani, au limebandikwa ukutani kwenye karatasi ya wiki mbili nyuma. Anayekosa jibu la uhakika ndiye anayeshawishika kumuuzia mnunuzi wa kangomba njiani.

Chama kinaweza kuiweka bei hadharani kwa kutumia televisheni ya kawaida na kompyuta ndogo inayoitwa Raspberry Pi. Ina ukubwa wa kadi ya benki na inatumia mfumo wa Linux usiolipiwa leseni. Ilipoingia sokoni Uingereza Februari 2012 iliuzwa dola 35 za Marekani. Toleo la tano lilipotoka mwaka 2023 lilianzia dola 60, kabla ya usafiri na kodi. Chaja ya toleo la nne ni ya wati 15, hivyo hata ikiwaka saa 10 kila siku haifikishi uniti tano kwa mwezi. Televisheni ndiyo mlaji.

Kwa hiyo ugumu hauko kwenye kununua. Uko asubuhi ile umeme ulipokatika usiku. Kompyuta inawaka, inauliza neno la siri, na kijana anayelijua amekwenda mjini benki. Wakulima wanashinda wakitazama skrini isiyo na bei, na fedha ya wanachama imegeuka pambo la ukutani.

Ndugu msomaji, ukimwita fundi mweleze hivi: umeme ukirudi, mashine iingie yenyewe bila kuuliza chochote, kisha ifungue kivinjari kikiwa kimejaza skrini nzima. Kazi ya kwanza inafanyika kwenye programu ya raspi-config, na humo humo azime ile tabia ya skrini kujizima. Ya pili ni mstari mmoja wa amri, chromium --kiosk ukifuatiwa na anwani ya ukurasa wa bei, unaoandikwa kwenye faili la autostart.

Hapo ndipo mafundi wengi hukwama. Maelekezo ya zamani yanalitaja faili hilo ndani ya folda ya LXDE-pi, lakini mfumo ulibadilishwa, na tangu Oktoba 2024 matoleo mapya hulisoma kutoka folda ya .config/labwc. Fundi anayefuata maelekezo ya 2018 kwenye mashine mpya atahangaika kutwa, na siku hiyo utailipia wewe.

Kivinjari nacho hufunguka haraka kuliko mtandao unavyopatikana, kikaishia kuonyesha kwamba hakuna intaneti. Kwa ghala la kijijini ningeshauri ukurasa wa bei ukae kwenye flashi iliyochomekwa kwenye mashine yenyewe, na karani aubadilishe kila baada ya mnada. Fundi ahakikishe flashi inasomwa kabla kivinjari hakijafunguka.

Kuna sababu nyingine ya kutumia flashi. Umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika kwenye kadi yake ya kumbukumbu, kadi inaweza kuharibika na mashine isiwake tena. raspi-config ina kinga, Overlay File System, inayozuia kadi isiandikwe. Ukiiwasha, mabadiliko yote ya kwenye kadi hufutika mashine ikizimwa. Bei iliyohifadhiwa humo ingepotea pia.

Tarehe ya mnada aiandike karani kwa mkono wake kwenye ukurasa. Matoleo ya kabla ya la tano hayana saa yenye betri. Bila intaneti, mashine ikizimwa saa nayo inabaki nyuma. La tano lina nafasi ya betri hiyo, lakini betri hununuliwa kando. Mimi naona bei isiyo na tarehe ni mbaya kuliko ubao mtupu, kwa sababu mkulima ataitumia kukataa au kukubali fedha halisi.

Kabla ya kumlipa fundi, chomoa waya wa umeme mbele yake, subiri dakika moja, urudishe. Rudia mara kumi. Kibodi na kipanya viwe vimefungiwa kabatini, na mara zote kumi bei ijitokeze.