Makombe ya Uholanzi yana uzito gani?

Kuanzia 1954 hadi 2023, ubingwa wa besiboli wa Ulaya ulichezwa mara 37. Uholanzi ilitwaa kombe mara 24, Italia 10, Hispania 2, Ubelgiji 1. Ukijumlisha ya Uholanzi na Italia unapata 34. Bara zima limekuwa la nchi mbili.

Wapo wanaoyabeza makombe hayo kwa kuwa wapinzani ni dhaifu. Wanasahau kwamba Uholanzi nayo huingia bila nyota wake. Miaka hii michuano huchezwa Septemba, ligi kuu ya Marekani ikiwa bado inaendelea, na klabu haziwaachii wachezaji. Mchukue Xander Bogaerts, mzaliwa wa Aruba. Desemba 2022 alisaini na San Diego Padres mkataba wa dola milioni 280 kwa miaka 11. Hiyo ni kama milioni 25.5 kwa mwaka, na kwa msimu wa mechi 162, takriban dola 157,000 kwa kila mechi. Akikosa mechi sita tu, klabu imelipa karibu dola milioni moja bure.

Aruba, na zaidi Curaçao, ndiko chimbuko la vipaji. Vyote ni visiwa vya Karibi vilivyo ndani ya Ufalme wa Uholanzi. Curaçao ina watu wapatao 150,000, lakini imewatoa nyota kama Andruw Jones, Kenley Jansen na Ozzie Albies.

Na vipaji hivyo havijawashinda wanyonge tu. Machi 2009, mjini San Juan, katika mashindano ya mataifa ya World Baseball Classic, Jamhuri ya Dominika ilishuka na kikosi kilichojaa mamilionea wa ligi kuu ya Marekani. Uholanzi ilikuwa imeshawafunga 3-2. Waliporudiana, awamu kumi zilipita bila pointi. Katika ya 11 Wadominika wakapata moja. Gene Kingsale wa Aruba akapiga mpira uliosawazisha, kisha Yurendell de Caster wa Curaçao akauburuza chini kuelekea kituo cha kwanza. Mlinzi akashindwa kuudaka, Kingsale akaingia nyumbani. 2-1, na Wadominika wakaaga mashindano.

Oktoba 2011, kule Panama, Uholanzi iliifunga Kuba 2-1 katika fainali ya Kombe la Dunia, tena bila wachezaji wa ligi kuu ya Marekani. Kuba ilikuwa imeshalibeba kombe hilo mara 25.